Kipande cha Nane

Muzee Yav alibakiwa na neno moja tu duniani, na neno lenyewe hata si la kwao. Ukimwuliza amelalaje, anasema anthropos. Ukimwuliza atakula bukari, ugali wetu, na samaki wa Bukama au atakunywa uji, anasema anthropos. Akibanwa na haja, anthropos, na hapo binti yake Augustine alitakiwa kukisia upesi, maana akikosea, kufua ni juu yake. Kiharusi kilimwangusha kanisani, katikati ya wimbo, kikamnyang'anya mguu wa kuume, mkono wa kuume, Kiswahili chote, Kiluba cha mama yake na Kifaransa alichowatandika nacho watoto wa watu kwa miaka thelathini na sita. Kikamwachia hilo moja. Majirani walisema Mungu naye ana mzaha. Augustine alisema aa wapi, Mungu hana mzaha, Mungu analipiza.

Si kwamba neno lilikuwa geni pale nyumbani. Mawe, mama wee! Neno lilikuwa limekaa katika nyumba ile tangu Augustine hajang'oka meno ya utoto. Kamina nzima ilimwita baba yake Prof, kwa sababu alifundisha Kilatini na Kigiriki sekondari, zama zile ambapo bado kulikuwa na watoto wa kufundishwa vitu hivyo. Katika Kigiriki chote cha kale alichagua neno moja, lenye maana ya mtu, basi, muntu, akataka kujua limetoka wapi. Mabingwa wa ng'ambo walikuwa hawajapatana. Wapo waliosema asili yake ni mwenye uso wa kiume. Wapo waliosema ni yule wa chini, wa udongoni. Na wapo waliosema, na hawa ndio waliomkosesha Prof raha, kwamba neno si la Wagiriki hata kidogo. Eti Wagiriki walipofika nchi ile walikuta watu wengine wanakaa, wakachukua nchi, na neno wakalichukua humo humo. Wale wenyewe wamepotea, hata lugha yao haijulikani.

Hilo Prof hakutaka kulisikia. Alikuwa akipiga meza mpaka sahani zinaruka. "Walikuja nalo! Ni lao! Hawakumnyang'anya muntu!" Augustine, akiwa mtoto, alishangaa sana mtu mzima kukasirikia Wagiriki, watu ambao yeye aliwasikia tu kama wenye maduka wa zamani, waliokwisha kuondoka na mizani zao.

Kazi yenyewe aliifanya kwa vikaratasi, alivyoviita fishi. Kila fishi na hoja yake, kila hoja na namba yake, zote zimepangwa katika makarto, maboksi ya sabuni, kando ya kitanda. Karatasi mpya Kamina haikupatikana, ama ilipatikana na mshahara haukupatikana, kwa hiyo alikata chochote chenye mgongo mweupe: mitihani ya wanafunzi, kalenda za kanisa, orodha za mabehewa zilizotupwa pale gare, kituo cha treni. Upande mmoja mambo ya dunia, upande wa pili Kigiriki. Na neno ambalo hakuna aliyepata kulisikia wala kuliona limeandikwa, neno ambalo mtaalamu amelijenga upya kwa kulinganisha wajukuu zake, aliliwekea nyota ndogo mbele. Nyota maana yake: shahidi hakuna. Mwanafunzi aliyesahau nyota alipigishwa magoti juu ya kokoto za reli. Prof alikuwa na sanduku lake la kokoto, alilibeba kutoka relini kwa mikono yake, akaliweka nyuma ya darasa.

Yatosha kusema hakupendwa.

Na nyumbani je? Siku mama Noémie, mke wake, anakata roho, Prof alikuwa gare. Kulikuwa na kitabu kinakuja kwa treni kutoka Lubumbashi, alikuwa amekingoja miaka miwili. Treni ilichelewa siku tatu, na siku tatu hizo hakubanduka kwenye benchi, asije mtu mwingine akakipokea. Walimtuma mtu wa kumwita. Akasema nakuja. Wakamtuma wa pili. Nakuja. Wa tatu hakutumwa, haja ilikuwa imekwisha. Augustine, mwenye miaka kumi na mitano, alimfunga mama yake kidevu kwa kitambaa, yeye mwenyewe. Baba aliingia jioni na kitabu kwapani.

Matanga yalipoisha akamtoa shuleni, eti nyumba inahitaji mtu wa kupika, na fishi zinahitaji mtu wa kunakili. Msichana alikuwa wa kwanza darasani. Baadaye walikuja wanaume wawili kumposa, kila mmoja kwa wakati wake. Prof aliwasimamisha uani, akawauliza maana ya neno la Kilatini, wakakosa, akacheka mbele ya washenga wao. Hawakurudi. Augustine akabaki. Alichokuwa nacho ni lupango ule tu: nyumba ya matofali ya vyumba vitatu, na kisima. Kisima ndicho kilichomlisha, maana mtaa mzima ulichota maji kwake. Alikuwa amejiambia hivi: amempoteza mama, amepoteza shule, amepoteza wanaume, lakini huyu muzee atakufa siku moja, na lupango utakuwa wangu. Hilo ndilo lililomshikilia. Mtu asimlaumu, hata mimi ningeshika hilo hilo.

Sasa muzee alipopooza, Augustine alianza kuchoma fishi.

Hakuzichoma zote mara moja, hapana, ingekuwa huruma. Kila asubuhi alichomoa fishi za kiganja kimoja kutoka kwenye karto, akaivuta mbabula, jiko la makaa, mpaka mbele ya kiti cha baba yake, ili aone vizuri, akavisokota vikaratasi chini ya makala akawasha kiberiti. "Leo tunachoma namba ngapi, Prof?" alikuwa anauliza. Muzee alitoa macho. "Anthropos!" Naye Augustine alimwiga, mdomo umepinda upande ule ule: "Antropo! Antropo!" Kisha anapika uji, anamlisha kwa kijiko, anamfuta kidevu vizuri kabisa. Mtu akipita nje angesema, tazama binti anavyomtunza babaye.

Siku moja ya mvua za Machi, kuni zimelowa, makala yamelowa, alichomoa kiganja kutoka karto la chini kabisa. Kabla hajakiweka chote motoni, muzee alipiga ukelele ambao hajawahi kuupiga. Akajirusha kutoka kitini, mzima mzima, akauingiza ndani ya mbabula mkono wake mzuri, wa kushoto, uliobaki. Augustine alimvuta kwa kola. Vikaratasi vikatawanyika. Nyama ilikuwa imeanza kunuka.

"Unapenda kufa na karatasi yako?" alimpigia kelele. "Basi kufa! Kufa, minyi nipumzike!"

Akamzaba kofi mkononi, mkono ule ule ulioungua. Halafu akakusanya fishi zilizosalia akazitupa tena ndani ya karto, akampaka muzee mafuta ya mawese. Vidole viwili vilipona vimeshikana. Tangu siku ile hakuchoma tena kwenye karto la chini, akachoma ya juu tu.

Mwezi wa sita, vumbi jekundu limeanza, alishuka mwanamke mmoja kutoka treni ya Mwene-Ditu, upande wa Kasai, akauliza njia, akaja moja kwa moja. Alikuwa na miaka kama arobaini, kitambaa kichwani, mfuko wa plastiki mkononi. Hakubisha hodi mlangoni. Alikwenda kukaa kwenye ukingo wa kisima, akachungulia ndani.

"Hiki kisima baba yangu alikichimba," alisema yule mwanamke, Augustine alipotoka. "Minyi nilikuwa nakamata kamba, yeye iko chini. Jambo, mama. Niko Biuma, mutoto ya Nkashama. Hii lupango ni ya kwetu."

Jina la Nkashama alilijua. Mwaka wa tisini na tatu yeye alikuwa na miaka mitano, mwaka ule watu wa Kasai walipotolewa manyumbani mwao, wakakaa gare wiki kwa wiki na vyombo vyao vichwani, wakisubiri treni ya kuwarudisha kwa babu zao wasiowajua. Nkashama alikuwa karani wa reli. Augustine alikumbuka kuhamia katika nyumba hii, alikumbuka kiatu kimoja cha mtoto, cha bluu, chini ya kitanda. Siku zote baba yake alisema kwa kifua: nilinunua, kwa karatasi, si kama wale walioingia tu.

"Baba alinunua," akasema. "Alinunua na baba yako. Karatasi iko."

"Kama iko, tuione," Biuma akajibu, bila ukali wowote. Akafungua mfuko wa plastiki, akatoa buku ya lupango, hati ya kiwanja, ya zamani, jalada limeliwa pembeni, ndani jina la Nkashama na mhuri wa serikali. "Mama yangu aliifunga kwa tumbo yake mpaka Mwene-Ditu. Ameshakufa. Baba pia. Njo maana nimekuya."

Wakaitwa kwa shefu wa mtaa, au tuseme shefu alikuja mwenyewe, haraka zake zote. Aliitwa Hénoch. Alikuwa mnene sasa, na kalamu mbili mfukoni, lakini magoti yake yalikuwa na makovu madogo madogo mengi, na Kamina kila mwenye makovu yale alisoma Kigiriki. Alimwamkia muzee kitini. "Jambo, Prof. Unanikumbuka?" Muzee akasema neno lake. "Njo hilo," shefu akasema, "hata minyi sijalisahau." Akasoma buku ya Biuma ukurasa kwa ukurasa, akaamua: siku saba. Karatasi ya mauzo yenye saini ama kidole cha Nkashama, iletwe. Isipoletwa, watoke, na buku irudi kwa mwenye jina.

Augustine alikwenda kwanza ofisi ya viwanja, maana baba alipata kusema nakala iliachwa huko. Karani alimpeleka kwenye rafu ya mwisho. Rafu ilikuwa udongo. Mchwa walikuwa wamejenga kutoka chini hadi juu, vizuri, bila haraka. "Tisini na tatu njo hii hapa," karani akasema, akaupigapiga udongo kwa kiganja.

Basi akarudi kwa baba yake. Na hapa sitamsitiri, nitasema alivyofanya.

"Karatasi ya lupango iko wapi?"

"Anthropos."

"Iko wapi, baba? Kitandani? Kwa dari? Ulizika?"

"Anthropos. Anthropos!"

Alimshika mabega akamtikisa mpaka kichwa kinayumba. Akamnyima bukari mchana kutwa, sahani ipo mezani, anaiona. Akamwambia atakufa barabarani na mbwa watamla, akamwambia mama Noémie anamngoja huko ahera na fimbo. Muzee alilia. Mkono wake wa kushoto, wenye vidole vilivyoshikana, ukanyooka kuelekea makarto ya sabuni, ukabaki umenyooka hivyo.

"Hata leo!" Augustine akapasuka. "Tunafukuzwa kwa nyumba, na weye bado unataka neno yako! Hata leo!"

Akalipiga teke karto la chini kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Fishi zikamwagika sakafuni, nyingi kifudifudi, Kigiriki chini na mgongo juu. Na kwenye mgongo wa mojawapo, kwa wino wa bluu, mwandiko wa baba yake, akasoma: Minyi Nkasha

Imekatwa hapo.

Alipiga magoti. Alikiokota kikaratasi, akakigeuza. Upande wa pili Kigiriki, na juu yake, pembeni, namba moja, na chini, kwa Kifaransa, hoja kwamba neno lilikuwa la Wagiriki tangu asili na halikuchukuliwa kwa mtu. Kikaratasi kilisema hoja ni nane. Kumbe muzee, mwaka ule shule haikulipwa hata mwezi mmoja, alikuwa na hoja nane na hana karatasi, akajiambia nakala iko ofisini salama, akachukua karatasi ya lupango akaikata vipande vinane. Wapo watakaosema alitaka pia asiione tena. Mimi sikuwepo.

Siku tatu Augustine alikaa sakafuni, mlango wazi, akigeuza vikaratasi kimoja kimoja kutafuta wino wa bluu. Wachota maji walijipimia wenyewe. Aligeuza mitihani iliyojaa sifuri za kalamu nyekundu. Aligeuza mabehewa ya shaba na mabehewa ya mahindi. Aligeuza kipande cha ripoti ya shule, na kingine, na vingine viwili, akaviunganisha: ilikuwa ripoti yake mwenyewe, ya mwaka wa mwisho, wa kwanza katika wanafunzi arobaini na wawili. Baba aliikata. Alikitazama kitu kile, akakiweka kando, akaendelea kugeuza, maana machozi yangemchelewesha.

Vilipatikana saba. Akavipanga juu ya mkeka, akasoma, na kadiri alivyosoma ndivyo uso ulivyomwaka moto.

Minyi Nkashama, karani, niko hapa gare ya Kamina na bibi na batoto bane. Mukono yangu ya kuume balivunja, njo Prof Yav anaandika kwa mukono yake, na minyi natia kidole. Namuachia lupango yangu na nyumba, na milango, na kisima. Yeye amenipa mufuko moya ya bunga. Batoto balikuwa siku tisa bila kula. Sitarudi kuuliza. Kidole yangu njo hii

Na hapo pana shimo, pembe ya chini, kulia. Kipande cha saba upande wake wa hoja kilimalizika na "kwa hiyo". Cha nane hakikuwepo.

Augustine hakuhitaji kukitafuta. Aliinua macho, akautazama mkono wa baba yake, vidole viwili vilivyoshikana. Aliiona tena mbabula, mvua ya Machi, muzee anavyoruka.

"Ni kile?" akamwuliza. "Siku ile. Kilikuwa kile?"

"Anthropos," muzee akasema polepole, kama mtu anayejibu swali rahisi.

Aliona aibu ya kuuma, na katikati ya aibu alimchukia baba yake kuliko siku zote, kwa sababu alikuwa amejaribu kumwokoa, na kwa sababu ya ule mfuko wa unga. Mfuko mmoja! Nyumba ya vyumba vitatu, na kisima! Angalau wale wengine waliingia tu, hawakumwandikisha mtu mwenye mkono uliovunjika.

Lakini nyumba ni nyumba. Usiku ule hakulala akitafakari, hakuna alichotafakari. Asubuhi alikoroga uji mzito wa bunga, akavigundisha vile vipande saba kwenye ubavu wa karto, akaacha nafasi ya cha nane wazi, akavianika juani.

Siku ya saba wakakutana uani, shefu Hénoch kwenye kiti, Biuma kwenye ukingo wa kisima, muzee mahali pake mlangoni, na wachota maji na madumu yao, hakuna aliyechota. Shefu alisoma kwa sauti. Alisoma vizuri, alifundishwa kwa magoti. Alipofika kwenye mfuko wa bunga, mwanamke mmoja akasema "Mawe!" akafunika mdomo.

Biuma alikuwa anatazama maji.

"Ule mufuko naukumbuka," akasema. "Mama alikuwa anatupimia na kikombe. Bunga ilikwisha, treni haiyafika. Mudogo yangu Mbiya akakufia pale gare. Mbao hakukuwa. Tulimuzika ndani ya mufuko."

Hapo Augustine angenyamaza. Mtu yeyote mwenye haya angenyamaza. Lakini alikuwa anaona lupango unamponyoka, akaruka.

"Unakubali!" alipaza sauti. "Bote munasikia, anakubali! Mufuko balipokea, bunga balikula! Basi aliuzisha!"

Biuma aligeuka, akamtazama kwa mara ya kwanza, muda mrefu.

"Bunga nakubali," akasema. "Kidole ya baba yangu iko wapi?"

"Iliungua."

"Nani aliichoma?"

Shefu Hénoch akaliinua lile karto, akaligeuza kwenye jua.

"Hii yote ni mukono ya Prof," akasema. "Naiyua, ilinipa sifuri miaka mine. Prof anaandika Nkashama amesema, Nkashama amekubali, Nkashama hatarudi. Nkashama mwenyewe haiko hapa hata kidogo." Akainamia kiti cha muzee, akazungumza kwa upole wa kutisha. "Prof, weye njo ulitufundisha. Kintu chenye hakuna hata muntu moya alikiona, tunakijenga tu na vipande, tunakiwekea nini mbele?"

Akachomoa kalamu moja mfukoni, akachora nyota pale penye shimo. Aliichora kwa utaratibu, pembe zote. Kisha akamrudishia Augustine karto lake.

"Anthropos," akasema muzee. "Anthropos. Anthropos."

"Anasema nini?" Biuma akauliza.

"Muntu," akajibu Augustine.

"Muntu gani?"

"Hakuna. Ni neno tu."

Walipewa mpaka saa sita. Vyombo vilikuwa vichache, vikaenea kwenye mkokoteni mmoja, muzee juu yake amefungwa kwa kitenge asianguke. Makarto ya fishi hayakupata nafasi, na hakuna aliyejitolea kuyabeba. Walipofika getini Biuma alikuwa amesimama pale na mfuko wa bunga, mpya, mzito, umeshonwa mdomo. Akautua miguuni pa Augustine.

"Mufuko moya," akasema. "Sasa tuko sawa."

Augustine alitaka kuutemea mate. Alitaka kuupasua palepale, unga wote uende na upepo, mtaa uone. Lakini nyumbani hakukuwa na bunga tangu juzi, na muzee alikuwa hajala, na nyumbani penyewe hapakuwepo tena. Akainama, akaunyanyua mbele ya watu wote, akausukuma kwenye mkokoteni kati ya miguu ya baba yake. Wachota maji waliwapisha, kisha wakaanza kuteremsha ndoo.

Kanisa liliwapa chumba cha nyuma, kile cha ngoma na viti vibovu. Kabla jua halijageuka alikuwa ameweka mbabula nje ya mlango. Makala aliomba kwa jirani, na kiberiti. Karatasi hakuomba. Alilichukua lile karto, akabandua vipande, cha kwanza, cha pili, cha tatu, vinatoka kwa shida, uji umeshika. Akavisokota chini ya makala. Kile kipande cha karto chenye nyota nacho akakirarua, akakipachika juu. Muzee alikuwa kwenye kiti palepale mbele, umbali ule ule wa siku zote, anaona kila kitu.

Augustine akawasha. Vilishika haraka, bunga kavu huwaka vizuri. Alingoja. Alikuwa amezoea kulisikia neno hapo, mara moto unapopanda, hata mkono wake ulikuwa tayari kumzuia asijirushe.

Muzee hakujirusha. Alitazama mpaka vikawa majivu, na hakusema kitu.

"Sema," Augustine akamwambia.

Kimya.

"Sema basi, baba. Sema ile neno yako."

Akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika ule mkono wa vidole vilivyoshikana, akasema yeye mwenyewe, polepole, bila kupinda mdomo, anthropos, anthropos, kama mtu anayemfundisha mtoto. Muzee alimtazama tu. Maji yalipochemka Augustine aliinuka, akasonga bukari, akakata tonge, akalipoza kwa pumzi yake. Baba yake akafungua kinywa, akala.